Brashi Isiyodondosha

4 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nina shida, na wewe ndiye muuza duka pekee ninayemwamini. Kwa hiyo weka kando hayo madaftari na kalamu za watu, unisikilize.

Tumepata mkuu mpya wa idara. Mzee wetu alistaafu mwezi wa kumi na mbili, akaja huyu, mtu wa makamo, anatembea na kitambaa mfukoni na hufuta kiti kabla ya kukikalia. Wiki mbili zilizopita kikombe cha maji kilimwagika juu ya karatasi za mimea iliyokaushwa. Karatasi nne. Mmea mmoja kati ya hiyo ulikaushwa kabla Baba hajazaliwa, na siku hizi haupatikani popote. Sasa yamebaki makapi na doa. Mkuu hakupiga kelele. Alisimama tu akiangalia, kisha akatoa amri: ndani ya chumba cha mimea hakuna maji ya wazi. Hakuna kikombe, hakuna kopo, hata chupa ya kunywa iachwe mlangoni.

Sasa niambie, mtu wa rangi za maji atachoraje bila maji? Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye meza ile ile na kikombe changu. Bi Gundi, yule mwenzangu anayebandika mimea kwenye karatasi, ndiye aliyeniambia kuna brashi zinazobeba maji tumboni. Mpini wake ni bomba la plastiki. Unalijaza, unaliminya kidogo, maji yanashuka kwenye nywele. Duka lenu lazima linazo. Nitafutie aina mbili tatu, uzijaribu mwenyewe kwanza, halafu uniandikie ipi ni ipi. Nataka inayotoa maji kidogo kidogo, isiyodondosha. Hilo la kutodondosha ndilo kubwa.

Kitabu cha mimea kimebakiza picha nne kati ya sitini. Nikizimaliza hizo, nimemaliza kazi ya maisha yangu.

Barua nimeipiga chapa kwenye kompyuta ya ofisi, usinicheke. Na simu unajua siipendi.

Dada yako,
Shoto

11 Februari

Dada Shoto, shikamoo.

Kumbe ipo siku na mimi nitakufundisha kazi! Barua yako nimemsomea bosi wangu, yule mama mwenye duka, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Amenipa ruhusa ya kufungua brashi tatu nizijaribu hapa kaunta. Wateja wanapita wananiangalia kama nimepata wazimu, mtu mzima anapaka mistari ya buluu tangu asubuhi.

Haya, chukua maelezo. Ya kwanza nimeiita Mropokaji. Tumbo lake nene, laini, ukiligusa tu inasema yote. Nywele zake nzuri, zinakusanyika vizuri kwenye ncha, na ukitaka kusambaza rangi eneo kubwa, kama anga au jani pana, hakuna mfano wake. Ya pili ni Mkono wa Birika. Plastiki ngumu, na shingoni ina kizibo cheusi chenye tundu dogo kama la sindano. Unaminya, unaminya, inakutolea tone moja kwa kinyongo. Haidondoshi kabisa, lakini mpaka uilowanishe karatasi umeshazeeka. Ya tatu ni fupi, ina pande bapa, haibingiriki mezani. Maji yake ya wastani. Sikuipa jina kwa sababu haina vituko.

Ukiniuliza mimi, chukua Mropokaji. Inahitaji mkono uliotulia, na nani ana mkono uliotulia kama wewe? Wewe ndiye uliyekuwa ukinichora usingizini bila kuinua penseli. Hiyo ya pili waachie watoto wa shule. Nimekutumia zote tatu.

Na huyo mzembe aliyemwaga kikombe ni nani? Amefukuzwa au bado yupo hapo anazurura?

Mdogo wako,
Kitinda

26 Februari

Kitinda,

Brashi nimezipata, ahsante. Lakini nikwambie ukweli, hakuna hata moja.

Mropokaji wako amenitia aibu. Jumatatu amedondosha mara tatu kabla ya saa nne, na tone la tatu limeangukia katikati ya ua ambalo lilinichukua siku mbili. Mkono wa Birika haitoi kitu. Nimeiminya mpaka kidole gumba kinauma, halafu ghafla ikatoa yote kwa mpigo. Ile fupi ilinivumilia saa nzima, nikaanza kuisifu moyoni, nayo ikamwaga. Plastiki za siku hizi hovyo. Zamani vitu vilitengenezwa na watu wenye akili zao.

Tafuta nyingine. Lazima ipo iliyotengenezwa vizuri. Labda yenye mpini mnene zaidi, au mzito zaidi, isiyocheza mkononi.

Mambo ya kikombe achana nayo. Yalishapita.

Picha ya hamsini na saba imekwisha, hata hivyo.

Shoto

6 Machi

Dada, shikamoo.

Hee! Leo umeniandikia kama mtu anayerudisha viatu dukani. Bosi ameniuliza, “Huyu dada yako anataka brashi au anataka mume?” Nimemwambia dada yangu hajawahi kukosea kuhusu brashi, kwa hiyo kama anasema ni mbovu, ni mbovu.

Ila mwenye ghala tunakonunua kaniuma sikio kwamba kauza mamia ya hizo na hakuna aliyelalamika. Nikaona anataka kunifanya mjinga. Kwa hiyo nisaidie nimkomeshe. Nimekutumia nyingine mbili, moja ya mpini mnene na moja nzito kidogo. Chukua zote tano, kata vipande vya karatasi ile ile unayofanyia kazi, na kila brashi uichoree mistari mitatu: mwembamba kama unywele, mpana, na mmoja unaoanza na rangi nzito ukafifia mpaka mweupe. Andika nyuma ni brashi ipi. Nirudishie, nimpelekee huyo bwana aone kwa macho yake.

Hongera ya hamsini na saba. Yaani brashi zote mbovu na bado unakimbia hivyo? Wewe si mtu wa kawaida.

Mbona bado unanipigia chapa? Nimezoea mwandiko wako umelala kuelekea nyuma kama unasukumwa na upepo. Hizi herufi za kompyuta zinanifanya nihisi nimeitwa kwenye kikao cha nidhamu.

Kitinda

20 Machi

Mdogo wangu,

Vipande hivi hapa, kumi na vitano. Nimeandika nyuma kama ulivyosema. Utaona mwenyewe kwamba hata ile nzito siyo nzuri sana, ingawa hapa imejitahidi.

Picha ya hamsini na nane imekwisha. Ya hamsini na tisa iko nusu. Mkuu kapita jana, kasimama nyuma ya kiti changu muda mrefu. Nilikuwa nakula chungwa, bahati nzuri.

Kompyuta ni kwa sababu ya haraka tu. Usiwe na maneno mengi.

Shoto

29 Machi

Dada,

Leo sina shikamoo ya haraka, nisamehe, nimekasirika.

Nimevitandaza vipande vyako kaunta, vyote kumi na vitano. Vizuri sana. Mistari imenyooka, kufifia kumetulia, hakuna tone hata moja. Kwa vipande hivi mwenye ghala ndiye angenikomesha mimi. Lakini si hilo lililoniudhi.

Wewe unapaka kutoka kulia kwenda kushoto. Tangu nikiwa na miaka minne nakaa ubavuni kwako nakuangalia. Mstari wako unaanzia kulia ukiwa umenona, unaishia kushoto, na rangi inayobaki inajikusanya ile ncha ya kushoto, kama machozi. Kwenye vipande hivi imejikusanya kulia. Kumi na vitano vyote. Hivi vimepakwa na mtu wa mkono wa kulia.

Kwa hiyo ndiyo hivyo? Mimi nahangaika hapa, nagombana na watu wa ghala, nabeba vifurushi mpaka posta wakati wa mapumziko badala ya kula, na wewe unamtupia mtu mwingine hata kujaribu hujaribu? Ungeniambia tu kwamba huna nafasi na upuuzi wangu. Nimekuwa nikitamba kwa kila mteja kwamba ninamchagulia brashi mchoraji wa kitabu kikubwa. Nimejiona mjinga kweli.

Niambie ni nani aliyevipaka.

Kitinda

5 Aprili

Kitinda,

Nilikuwa na kazi nyingi, Bi Gundi akanisaidia. Sioni kosa liko wapi. Usinipeleleze kama askari.

Tuyaache haya mambo ya brashi. Nitatumia nilizonazo.

Shoto

14 Aprili

Dada yangu, shikamoo.

Barua yako ya mistari minne nimeisoma mara nyingi kuliko zile ndefu. Mwanzoni nilitaka niichane. Halafu juzi nilikuwa naosha vyombo nyumbani, nikashika kile kikombe cha bati cha Baba, nikafunga maji palepale kwenye sinki.

Unakumbuka vikombe? Labda hukumbuki, ulikuwa umeshaondoka kwenda kazini huko. Baba alianza kwa kulaumu vikombe. Hiki kizito, hiki kinateleza, hiki mpini wake umetengenezwa na mtu asiye na akili. Nilimnunulia kikombe kila wiki. Tuliviweka mezani vimejipanga, tukavilinganisha, kipi kinamwaga, kipi hakimwagi, na mimi kijana mjinga nilikuwa nafurahia, naona tunapiga soga tu mimi na mzee. Baada ya vikombe ikawa vifungo vya shati. Baada ya vifungo ikawa kalamu, akaanza kumtuma jirani amwandikie barua, akasema ni kwa sababu ya haraka.

Haraka, Dada. Neno lile lile.

Nimezitoa barua zako zote, nimezipanga. Brashi tano na zote mbovu. Kikombe “kilimwagika,” hakina mwenyewe. Kila barua imepigwa chapa. Vipande vimepakwa na Bi Gundi. Nakuuliza kitu kimoja na usinizunguke: mkono wako wa kushoto uko vipi?

Niandikie kwa mkono wako. Hata kama ni maneno mawili. Usipoandika napanda basi.

Kitinda

22 Aprili

Kitinda,

Haya, huu ndio mwandiko wangu. Tazama vizuri uridhike. Mistari hii michache imenichukua tangu asubuhi, nimeuegemeza mkono kwenye kamusi, na bado imetoka kama imeandikwa ndani ya gari bovu.

Ilianza mwezi wa nane. Kidole gumba kwanza, kinacheza peke yake nikiwa nimepumzika. Nilikikalia. Kweli, nilikuwa nakikalia mikutanoni mtu asikione. Mwezi wa kumi na moja ukawa mkono mzima. Daktari wa mishipa ya fahamu alianza kunieleza jina la ugonjwa nikamwambia asijisumbue, nalijua, limekaa nyumbani kwetu miaka sita.

Kikombe hakikumwagika. Nilikimwaga mimi. Nilikuwa peke yangu chumbani na hakuna aliyeniuliza, Mkuu alidhani ni wafagiaji, na mimi nikanyamaza kimya. Mfagiaji mmoja aliitwa akagombezwa nami nipo pale, nimeshika kitambaa nafuta. Kila nikimwona yule mama koridoni naangalia chini.

Kuna kubwa zaidi. Picha za hamsini na saba, hamsini na nane na hamsini na tisa si zangu. Nilichora umbo kwa penseli, mistari ya kubahatisha, Bi Gundi akazipaka zote baada ya wengine kuondoka jioni. Hakuniomba kitu. Alisema, “Wewe ulinifundisha kuchanganya kijani, acha nikulipe.” Chini nikaandika jina langu. Nililiandika polepole sana.

Sasa Mkuu ameanza kunong'onezwa. Ametangaza kwamba picha ya sitini nitaipaka mbele yake, tarehe kumi na tano mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Anasema anataka kuona hizo brashi za maji zinafanyaje kazi karibu na mimea. Mimi si mtoto. Anataka kuona mkono. Akiuona, unga wangu umemwagika, na ukurasa wa mwisho watautia picha ya kamera.

Nakusihi usije. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili ulipoanza kumlisha Baba kwa kijiko. Nilikuwa naletewa habari zako na moyo unanichoma, najua nimekuachia mzigo ili mimi niendelee kuchora maua. Siwezi kukufanyia hivyo mara mbili. Ndiyo maana nilikuficha. Niruhusu tu nimalize huu ukurasa mmoja. Bila kazi hii mimi sijui ni nani, Kitinda, na naogopa sana.

Kama bado unanipenda nitafutie brashi ya mkono unaotetemeka. Ndicho nilichokuwa nakuomba tangu mwanzo, sikuwa na ujasiri wa kukisema.

Shoto

1 Mei

Dada yangu mpenzi, shikamoo.

Nimelia, nimemaliza. Sasa nisikilize, nina mambo mawili.

La kwanza. Unajilaumu kwa kitu ambacho sicho. Sikuchoka kumlisha Baba. Baba alikuwa mcheshi mpaka mwisho, tulikuwa tunashindana nani atamwaga uji mwingi zaidi, mimi au yeye, na siku nyingine tulivunjika mbavu tukashindwa kula kabisa. Nilichoka kukungoja wewe. Kila mwezi ulituma mashuka, dawa, picha za maua za kubandika ukutani, na kila mwezi ulisema mwezi ujao nakuja. Miaka sita ulikuja mara mbili, na zote mbili ulikaa upande ambao huoni mikono yake. Nilikuona. Hukuja kwa sababu uliogopa kuiangalia, na sikukwambia kwa sababu uko juu yangu, dada mkubwa. Leo nimekwambia. Sina kinyongo, ila usinitaje tena kama sababu ya kunificha mambo.

La pili ni brashi. Nilikosea tangu siku ya kwanza: nilizijaribu kwa mkono wangu mzima. Safari hii nimefanya hivi. Hapa dukani tuna mashine ya kunakili, ile kubwa, ikitoa kurasa mia mbili inatikisika kama ina homa. Nimeweka kiwiko juu yake ikiwa inafanya kazi, nikajaribu zote tano, siku nne mfululizo. Wateja sasa wameshakubali kwamba nina wazimu. Bosi mwenyewe ndiye anayenipakia karatasi.

Niliyoyagundua ni haya. Tatizo kubwa la kudondosha ni hewa. Ukiijaza tumbo nusu, hewa iliyobaki inapata joto la kiganja, inavimba, inasukuma maji nje, na mtikisiko unamalizia. Kwa hiyo ijaze mpaka mdomoni, ndani ya beseni, brashi yote ikiwa chini ya maji, kusibaki hata povu. Ijaze upya kila baada ya nusu saa. Kisha usiishike tumboni. Ishike shingoni, juu kidogo ya nywele. Shingo nimeizungushia kitambaa na uzi mpaka ikawa nene kama ndizi, vidole vyako vitapata pa kukaa bila kukaza. Usiiminye kabisa. Ukitaka maji, gusisha nywele kwenye sponji yenye unyevu, uiweke ndani ya kifuniko cha chupa. Hayo si maji ya wazi, Mkuu hana la kusema.

Brashi yenyewe ni ile ya tatu, fupi, niliyokosa jina la kuipa. Nimekutumia mbili zikiwa tayari na vitambaa. Kwenye mashine ya kunakili haikudondosha tone hata moja.

Lakini sikudanganyi, Dada. Brashi itazuia maji. Mstari haiwezi kukunyooshea.

Na zile picha tatu zenye jina lako zinanisumbua. Sitasema zaidi, wewe ndiye mwenye jina.

Umesema nisije, sitakuja. Nasubiri uniambie.

Kitinda

18 Mei

Kitinda mdogo wangu,

Naandika kwa mkono, soma taratibu.

Nilifanya kama ulivyoniagiza. Nilizijaza kwenye beseni la choo cha wafanyakazi, Bi Gundi ananishikia taa ya simu tutafute povu. Saa tatu kasoro nilikuwa mezani, karatasi imebandikwa, mmea mbele yangu, sponji ndani ya kifuniko.

Mkuu akaja na kiti chake. Akakifuta, akakaa. Nikafungua rangi. Kabla sijashika brashi akasema, “Mama, subiri. Acha niseme ukweli. Nilikusudia kuja kukupima leo, watu wamenieleza mengi. Lakini jana nilikaa na picha zote hamsini na tisa. Tatu za mwisho ndizo bora katika kitabu chote. Mkono ulioweza kupaka zile hauna haja ya kusimamiwa. Nimeona aibu. Endelea na kazi yako.” Akasimama, akachukua kiti, akaenda mlangoni.

Bi Gundi alikuwa mezani kwake, mgongo kwetu. Aliacha kupaka gundi. Hakugeuka.

Kitinda, ilikuwa rahisi kuliko kupumua. Angetoka, Bi Gundi angepaka ya sitini jioni, na mimi ningestaafu na heshima zangu zote na keki. Mkono wa Mkuu ulishafika kwenye kitasa. Na kilichoniuma si uongo, nikuambie bila kujipendekeza. Kilichoniuma ni lile neno bora. Miaka ishirini na sita nimengoja mtu wa idara ile aseme kazi yangu ni bora, na siku aliyosema alikuwa anamsifu mwingine.

Nikamwambia, “Mkuu, rudi ukae.”

Nikashika brashi shingoni, nikapaka jani moja. Jani moja tu, la chini kabisa, na sikuuficha mkono. Robo saa nzima. Brashi yako haikudondosha hata tone, nataka ulijue hilo. Lakini ukingo wa jani ulicheza kama nilivyokuwa nikicheza mimi, na mshipa wa katikati ukaenda kushoto, ukarudi, ukaenda tena. Mkuu aliangalia jani, kisha akaangalia mkono, kisha akaangalia chini. Nikamwambia zile tatu ni za nani. Nikamwambia na kikombe ni nani aliyekimwaga, na kwamba kuna mfagiaji anayetudai samahani, mimi na yeye pia.

Bi Gundi alitoka chumbani bila kuniangalia. Baadaye alinikuta koridoni akanifokea, mara ya kwanza tangu nimjue. “Nani alikutuma uniseme? Nilikupa kwa moyo, ungekaa nayo!” Alikuwa analia. Nilimwacha anifokee mpaka akachoka.

Uamuzi umetoka jana. Mwisho wa mwezi naondoka. Picha tatu zinabadilishwa jina, zitakuwa na jina la Bi Gundi, na ya sitini amepewa yeye. Mkuu alinifikishia mwenyewe, kwa adabu, amesimama. Nilimwomba yule mama mfagiaji samahani mbele ya wenzake. Akaniangalia sana, akasema sawa, akaendelea na kazi yake. Sijui kama ni sawa kweli.

Leo asubuhi Mkuu alimletea Bi Gundi karatasi mpya ya kuanzia. Bi Gundi akaichukua, akaiweka pembeni, akaivuta ile yenye jani langu. Mkuu akamwambia lile jani limeharibika. Akajibu bila kuinua kichwa, “Mimi naanzia hapa lilipoishia.” Mkuu hajakubali wala hajakataa. Bi Gundi ameshapaka shina. Nilikaa nikamtazama mpaka mchana. Ana mkono mzuri kuliko nilivyokuwa mimi enzi zangu, na imeniuma, Kitinda, sitaki kukudanganya kwamba haikuniuma.

Ulichoniandikia kuhusu Baba ni kweli chote. Nilikaa upande ule makusudi. Nilijua ni mikono yangu ile. Sitakuomba msamaha kwa barua, ningekuwa nakimbia tena.

Njoo. Chukua basi la Ijumaa, linafika huku Jumamosi. Sijui litaingia saa ngapi, na haidhuru. Nitakuwa stendi tangu asubuhi.

Dada yako,
Shoto